Mgomba Niliompelekea Yustina

Niliondoka Ilomba, Mbeya, kwenda kumzika kaka yangu, na mwili wake hakuna aliyeuona. Ambokile alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, simu ikazimika, miaka ikapita. Kwetu mtu akipotea hivyo, huzikwa shina la mgomba badala yake, ukoo upumzike na mjane awe huru. Lakini mkewe, Yustina, aliyebaki kwenye nyumba yao Iringa, kila akiitwa Mbeya kwa mazishi hatokei.

"Hataki kuja msibani?" baba mkubwa akasema. "Basi msiba utamfuata. Chimba mgomba, umpelekee."

Nikachimba, nikauviringisha kwenye shuka jeupe. Baba mkubwa akauombea, nami nikalia kwelikweli, ingawa mikono ilikuwa inanuka utomvu.

Asubuhi stendi, konda akaligusa furushi. "Dada, hii nini?"

"Kaka yangu."

Akaruka nyuma. Ikabidi nilifungue, stendi nzima ione. Akaliingiza kwenye buti akicheka. "Pole kwa msiba, dada. Na hongera kwa shamba."

Makambako tulishuka kunywa chai, upepo wa baridi ukitupiga. Nikajikuta namsihi konda aangalie kama mgomba haujavunjika. Nilikuwa nimemkasirikia Yustina njia nzima: kwa nini asikubali tu, yaishe? Nikashika simu kumpigia, nikaiona namba ya Ambokile. Mimi mwenyewe sijaifuta.

Jioni nikashuka basi, bajaji ikanipandisha mlimani hadi Iringa mjini. "Kamwene, wifi," Yustina akanisalimu kwa Kihehe, kisha akafungua shuka. Akakaa chini.

"Wifi, mbona umeuleta na mizizi?"

"Si baba mkubwa aliniambia nichimbe!"

"Wa kuzika hukatwa. Mimi Mhehe, lakini nimeolewa kwenu, hilo nalijua. Huu ni wa kupanda." Akacheka mpaka akalia. Nilipouliza panga liko wapi, akaifunika tena mizizi kwa shuka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Majilio. Tulipotoka kanisani nikashindwa kuvumilia. "Utamngoja mpaka lini?"

"Bwana Yesu tunamngoja tangu enzi za mababu. Mbona hamjapanga matanga yake?"

"Bwana aliahidi kurudi. Kaka aliahidi?"

Nikajuta.

"Hakuahidi," akasema. "Ndiyo maana siku hizi nangoja kwa ahadi ya Bwana. Awe hai, awe amekufa, nitaonana naye."

"Basi kubali tumzike!"

"Kuzika nitazika, wifi. Kukata mizizi, hapana."

Nikachanganyikiwa zaidi. Tulichimba shimo karibu na dirisha la jikoni, tukausimamisha mgomba. Yustina akatupa udongo kwa mkono kama afanyavyo mjane, nami nikafuata. Nilianza wimbo wa mazishi, naye akaitikia vizuri tu, machozi yakimtoka. Kisha akaenda bombani, akarudi na ndoo ya maji. Sikuwahi kuona kaburi likimwagiliwa.

Niliporudi Ilomba, baba mkubwa alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Mmemzika?"

"Tumetia udongo, baba."

"Alilia?"

"Alilia."

"Basi amekubali." Akashusha pumzi, akaingia kulala. Sikuwa na moyo wa kumweleza habari ya mizizi.

Nilikwenda nikiamini kuwa anayengoja amekataa ukweli. Sasa sijui tena, ila nimemwona mtu akitia udongo na maji shimo moja, na sikumwona akidanganya. Namba ya Ambokile bado ninayo. Jana nilipiga. Haipatikani. Nikampigia Yustina, nikamuuliza kama mvua imenyesha.