Sindano ya balozi

Juzi nilipita kwenye foleni ya chanjo ya surua huko Muleba; mama mmoja alikuwa amekwisha kumkunjia mtoto mkono wa shati. Baba mkwe wake akaukunjua.

"Balozi wa nyumba kumi wa chama, anayetaka kutuhamisha kwenye kibanja chetu, ndiye aliyetangaza sindano hii. Twende nyumbani."

"Tata, baba yangu, surua iko kijiji cha jirani," muuguzi akamsihi.

Mzee akambeba mjukuu. Mama akafuata, akigeukageuka nyuma.

Bwana mmoja aliyevaa beji ya chama akasogea, mkono wa shati umekunjwa hadi begani. "Nichome mimi. Cha chama sikikatai."

"Hii ni ya watoto, ndugu."

"Kwa hiyo mnanibagua?"

Watoto ninaowafundisha huniuliza kama sindano inauma. Hilo angalau ni swali kuhusu sindano.