Moshi wa Ubani Ndani ya Injini

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na tangu jana nilipokuona umeinamia injini ya gari lako, ukimlaumu huyu na yule kwa ile taa ya manjano, imenirudia yote. Keti. Chai ingali moto.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye teksi pale Diani. Gari lilikuwa langu mwenyewe, nami nililipenda kupita kiasi. Nikaagiza kutoka Mombasa bomba jipya la kuvutia hewa, lile pana lenye chujio la wazi, pamoja na eksozi ya mngurumo, lile bomba la kutolea moshi. Fundi wangu aliniambia nimsubiri mpaka Jumatatu. Sikumsubiri. Nilivifunga mwenyewe Ijumaa baada ya swala, nikawasha, na gari likanguruma hata majirani wakatoka nje kutazama. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Jumapili shemeji yangu Salim, mume wa dada yangu Mwanasiti, aliliazima gari langu akamtazame mamake aliyekuwa mgonjwa Kinango. Jioni nikalifuata kwao Munje. Nilikuta ameliosha, linang'aa. Akanipokea kwa adabu zake zote, kisha akasema, "Shemeji, kuna taa imewaka nikiwa njiani. Nimeona nikwambie mapema."

Nikachungulia. Taa ya injini.

"Umetia petroli ya madumu," nikamwambia.

"Wallahi, shemeji, nimetia kituoni."

"Mwongo wewe!"

Nililisema hilo barazani pake, mbele ya mkewe na wanawe watatu. Salim aliweka ufunguo juu ya mkeka, akaingia ndani.

Basi nikaanza kuhangaika. Nilimpata kijana wa Ukunda mwenye mashine ya kusoma makosa ya injini. Mashine ikasema hewa ni nyingi, petroli haitoshi. Nikapiga makofi, "Si mnaona? Petroli!" Akaifuta taa, na siku ya tatu ikawaka tena. Nikamwaga tangi lote. Nikabadilisha kile kipimo cha moshi kilichoko kwenye eksozi, ambacho mafundi hukiita sensa. Taa ikarudi vile vile, na sasa gari nikilisimamisha linatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukiniuliza leo, kilichoniuma zaidi ni kwamba Idi ilifika, na sahani ya dada yangu haikuja kwangu. Haikuwahi kukosa tangu aolewe.

Mwishowe watu wakanielekeza Msambweni, kwa Bi Mwanahamisi. Alikuwa mama wa makamo aliyeachiwa gereji na marehemu mumewe, na kazi yenyewe aliijua kuliko wanaume wengi niliowaona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lina nini?"

Nikamweleza habari ya petroli mbaya, na shemeji yangu, na mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: "Kabla taa hii haijawaka, mkono wa mwisho kufungua humu ulikuwa wa nani?"

Nikasema sikumbuki. Naam, mwanangu, nilimdanganya mama wa watu mchana kweupe.

Hakubishana nami. Aliingia nyumbani kwake akatoka na chetezo, makaa yamekolea, akatia ubani. Nikadhani anataka kulifukiza gari langu kama lina shetani, na nusura nicheke. Lakini alichukua kopo kubwa la maziwa ya unga, akauweka ubani na makaa ndani, akafunga kifuniko chenye matundu mawili. Tundu moja akaunga pampu ya baiskeli, la pili mpira mrefu. Akalivua chujio langu la fahari, akaupitisha ule mpira kwenye mdomo wa bomba, akauziba kwa kitambaa. Injini imezimwa, gereji kimya.

"Pampu, taratibu," akaniambia.

Nikapampu. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha, wallahi, nywele zilinisimama. Chini ya lile bomba, mahali ambapo jicho halifiki, ulitoka uzi mwembamba wa moshi mweupe. Ukapanda polepole, umenyooka, ukanukia gereji nzima kama nyumba ya harusi. Mafundi wawili waliokuwa chini ya lori walitoka wakasimama kutazama. Mimi nikaacha kupampu nitazame, na ule uzi ukakatika. Nikapampu tena, ukarudi pale pale.

Bi Mwanahamisi akaingiza kioo kidogo, akanionyesha. Mpira wa kuungia bomba ulikuwa umekunjika chini ya klempu, ile pete ya chuma ya kuukazia, nafasi haizidi ukucha. Klempu ile niliikaza mimi.

"Hewa inapenya hapa bila kupimwa," akasema. "Kompyuta ya gari inaona petroli haitoshi, inalalamika. Na haiwashi taa papo hapo. Huvumilia safari mbili tatu kwanza, ipate hakika. Shemeji yako ameangukiwa na safari ya mwisho tu."

Kisha akanitazama. "Chuma kimesubiri kipate hakika, mwanangu. Wewe hukusubiri."

Mpaka leo maneno yale yakinijia, mwili hunisisimka.

Alipokwisha kuunyoosha ule mpira, kuikaza klempu na kuifuta taa, sikurudi Diani. Nilikwenda moja kwa moja Munje, taa imezimika. Nikamkuta Salim anafua nazi. Nikamwambia yote, na kosa ni la mkono wangu, na nilimdanganya hata fundi. Nikamwomba radhi. Aliendelea kufua nazi moja, ya pili, kisha akasema, "Mimi nilishakusamehe siku ile ile. Lakini watoto walisikia. Nenda kawaambie wao."

Mwanangu, sijapata kazi ngumu kama ile. Niliketi barazani na wapwa zangu watatu, nikawaambia mjomba wenu alikosea. Mdogo wao, hajafika hata miaka sita, akauliza, "Kwa hivyo baba hakusema uongo?"

"Hakusema."

Akaruka akakimbia kumwambia babake, kana kwamba babake hajui. Ndani nikamsikia Mwanasiti analia.

Basi nasaha yangu ni hii. Taa ikiwaka, usianze kwa kutafuta mtu. Anza kwa kukumbuka ulichokigusa wewe mwenyewe mwisho. Mashine itakwambia ni wapi panapolalamika. Aliyekosa utamtafuta kwa subira, na huenda ukamkuta amevaa viatu vyako. Taa usiifute kabla hujaielewa. Na neno ulilomvunjia mtu heshima mbele ya watu, lirudishe mbele ya watu hao hao, usimnong'oneze pembeni.

Mwenyezi Mungu akujaalie mikono yenye utulivu na ulimi mzito wa kushutumu, akulinde barabarani kila uendako, na nyumba za nduguzo zisiache kukufungulia milango. Amin. Haya, chukua tochi, twende tukalitazame gari.