Nilimwambia Mjukuu Wangu Kwamba Mchumba Wake ni Ndugu wa Kiapo

Msimamizi wa ukurasa, ficha jina langu na la ukoo wangu. Nina miaka themanini na moja, ni mwalimu mstaafu, naishi upande wa Ruiri, Meru. Figo zangu zimechoka na daktari hanifichi tena. Mke wangu alitangulia. Aliyebaki nami ni mjukuu wangu, nimwite Kendi, niliyemlea tangu mama yake afariki. Alimaliza chuo kule Nchiru, akarudi nyumbani kunitunza. Ninaandika sasa kwa sababu ameenda sokoni.

Mwaka jana Kendi alileta kijana nyumbani. Nimwite Koome. Ni daktari wa mifugo, mpole, na alikuwa amepata kazi Runyenjes, kule Embu. Alitaka waoane wahamie huko. Wazee wake walikuja na miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba, jinsi sisi Wameru tunavyomwomba msichana. Mwenye nyumba akikifungua kile kitita, amekubali.

Sikukifungua. Niliwauliza ukoo wao, wakanitajia, nami nikainamisha kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Nikasema, "Hawa watoto hawawezi kuoana. Ukoo wenu na wetu ni gichiaro."

Kwa wasiojua, gichiaro ni undugu wa kiapo kati ya koo, uliowekwa na mababu. Watu wa gichiaro hawaoani. Ni kama kumwoa dada yako. Hawadanganyani, na mmoja akimwomba mwenzake jambo, hawezi kulikataa. Anayeuvunja huogopa laana itakayofika mpaka kwa wajukuu. Hata vijana wenye digrii hawachezi nayo.

Mjomba wa Koome aliduwaa. "Mwalimu, hiyo sisi hatujawahi kuisikia."

"Mtaisikia wapi? Waliojua nimewazika wote. Nimebaki mimi."

Wakatazamana. "Basi, kama ni Mwalimu amesema," akasema mjomba, akabeba miraa yake.

Ndugu zangu, hakuna kiapo. Nilikitunga pale pale nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Koome hakuwa na kasoro yoyote. Niliogopa kwamba Kendi akiondoka nitaachiwa mtu wa kuajiriwa, nife nikitazamwa na anayengoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Sababu ni hiyo tu.

Na sikuishia hapo. Nilimvuta Koome kando, nikamwomba kwa jina la gichiaro asimtafute Kendi tena. Alitazama chini. "Sawa, guka," akasema, akiniita babu kwa lugha yetu. "Wewe siwezi kukukatalia." Tangu siku hiyo, akiwa likizoni huja kumtibu ng'ombe wangu, hataki malipo, na huniletea asali. Huchagua wakati Kendi hayupo. Ameushika undugu wangu wa uongo kuliko watu wanavyoushika ule wa kweli.

Kendi hakulia mbele yangu. Alianza kutazama tamthilia kwenye kompyuta yake kando ya kitanda changu, akinieleza yanayoendelea kwa sababu macho yangu ni hafifu. Ni hadithi ya wafalme na majoka. Kuna malkia mkatili anayechoma vijiji. Kuna pia ngome yenye baridi kali, ambako mlinzi mzee anayependwa na wote amelifungia joka chini ya sakafu ili joto lake liwaokoe watu. Amelilea tangu lilipoanguliwa, na amelidanganya kwamba lilizaliwa bila mabawa.

"Guka, huyu malkia unamwonaje?" Kendi aliniuliza.

"Muuaji. Si amechoma vijiji?"

"Amechoma, lakini anasema anachoma. Mimi anayenikasirisha ni huyu mlinzi."

Nilimtetea mlinzi kwa nguvu zote nilizobakiza. Nikamwambia watoto wa ngome wangekufa kwa baridi.

"Na yeye analala wapi?"

"Wapi?"

"Si juu ya chumba cha joka! Pale penye joto kabisa. Guka, ulisinzia ama?" Akacheka, akanivutia blanketi mpaka mabegani. Halafu akaitazama tena kompyuta. "Angeliambia joka ukweli tu. Labda lingekaa, kwa kupenda. Sasa ona, huyo mzee akifa, joka litamlilia."

Nilijifanya nimelala.

Wiki iliyopita Koome alikuja. Hakwenda kwa ng'ombe. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Guka, nimekuja unibariki. Wazee wamenitafutia msichana. Watapeleka miraa kwao Desemba."

"Unampenda?"

"Nitajifunza."

Niliweka mkono juu ya kichwa chake. Ndiyo, nilimbariki. Mdomo uliotunga kiapo ukatunga na baraka.

Sasa sijui. Nikisema, Kendi anaweza kuondoka siku hiyo hiyo, na itakuwa haki yake. Watu wa hapa, walioniita miaka mingi niwaamulie kesi za mipaka na za ndoa, watajua mzee wao ni mwongo. Nikinyamaza, uongo huu hautakufa nami. Hakuna aliye hai wa kuukanusha. Watoto wa koo mbili watakatazwa kupendana, na watasema ndivyo mababu walivyoagiza. Na lipo wazo la tatu, ambalo linanifanya nijiogope: nimwachie mchungaji wa kanisa letu maneno haya ayasome nikishazikwa, ili nife mkono wa Kendi ukiwa kwenye paji la uso wangu, kisha abaki na hasira isiyo na wa kuipokea. Kila asubuhi hilo ndilo linaloonekana rahisi.

Namsikia langoni, anamtania jirani kuhusu bei ya nyanya. Ataingia aniulize kama nimemeza dawa.

Nyinyi mnaonisoma, wengi wenu ni wa umri wake, kwa hiyo siwaombi huruma. Nionyesheni la kufanya kabla Desemba haijafika. Wewe ungekuwa Kendi, ungetaka kuambiwa leo, na mimi niliyekufanyia haya ndiye unayeniosha miguu?