Gasketi ya Mama Mkwe

Jina la Bwana Gusa hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wauza pikipiki kuukuu, tena si kwa mapenzi. Mnunuzi mwenye akili zake alikuwa hatoi pesa mpaka amwite yeye aje akague, naye akifika, hata kabla ya salamu, kiganja chake kilikuwa kimeshatua kwenye injini. Akiikuta ya moto alitikisa kichwa. Muuzaji anayeiwasha pikipiki kabla wageni hawajafika ana ugonjwa anaouficha: ama ikiwa baridi haiwaki, ama ikiwaka inakohoa. Ukweli wa injini alikuwa haupunguzi wala haupambi, hata kwa hasara yake. Aliponuia kuuza pikipiki yake mwenyewe, shemeji yake alikuja na pesa mfukoni, na Gusa akachuchumaa kumwonyesha kila mahali inapovuja. Shemeji alishukuru, akaondoka na pesa zake. Mke wa Gusa hakumsemesha mumewe hadi chakula cha usiku.

Ndiyo maana asubuhi ile mkewe alimkaba koo kabla hajamaliza chai.

"Leo pikipiki ya mama iuzwe. Sitaki hadithi."

"Kwani mimi nina hadithi gani?"

"Unazo. Na wanunuzi wawili wameshakwenda kule wakatoka mbio, sijui wameona nini. Mama ni mtu mzima, macho yenyewe hayamsaidii. Akianguka barabarani nitajilaumu maisha yangu yote."

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, sasa amestaafu. Mumewe, fundi wa pikipiki, alipofariki aliacha pikipiki moja uani, na yule mama akaipanda kwenda sokoni na kurudi. Watoto wakaketi, wakaamua iuzwe. Mama hakubisha. Alisema tu, "Kama mmeamua, mmeamua," na wanaomfahamu walipaswa kushtuka hapo hapo.

Mnunuzi wa siku hiyo alikuwa msambaza mikate, mtu mpole, shati limechomekwa vizuri. Alimsubiri Gusa getini.

"Najua ni mkweo," alisema, "lakini nasikia hata yako mwenyewe uliiponda. Mimi nataka kitu cha kubeba mikate polepole, kisichokunywa mafuta. Nikipata hicho, nalipa sasa hivi."

Walimkuta mama amesimama uani, pembeni ya kibanda cha mabati, mikono ameificha ndani ya kanga, uso wa mtu anayetoka kusali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Hiyo hapo. Tangu juma lililopita haijaguswa."

Gusa akagusa. Nusura aunguze kiganja. Alimtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama paa.

"Jua la asubuhi," mama alisema. "Linapiga sana hapo."

Hapo palikuwa kivulini tangu kibanda kijengwe. Gusa akachuchumaa.

Alianza na ekzosi, akaigonga kwa ufunguo. Ekzosi nzima ina vyumba ndani vya kumeza kelele, ukiigonga inatoa sauti nzito. Hii ililia kama debe tupu, maana yake ilikwishatolewa utumbo. Akapanda kwenye kabureta, panapochanganywa mafuta na hewa, akaona ni kubwa kuliko ya kiwandani, na mpira unaoiunga na injini umevutwa kwa nguvu ili utoshe. Sehemu ya chini ya injini ilikuwa nyeusi kwa miaka ya vumbi na oili, lakini silinda iliyokaa juu yake iling'aa. Alipoweka mguu kupiga kiki, kiki ilimrudishia teke la haja. Humo ndani mlikuwa na pistoni kubwa kuliko ile pikipiki iliyotoka nayo kiwandani. Mtu alikuwa ameigeuza pikipiki ya sokoni kuwa ya mashindano.

"Vipi, nzima?" aliuliza msambaza mikate.

"Nzima sana," Gusa alijibu. "Hebu kwanza nenda ukaangalie tairi la nyuma."

Alikuwa anatafuta nafasi ya kupumua, kwa sababu jicho lake lilikuwa limenasa kwenye gasketi, ile karatasi ngumu inayobanwa chini ya silinda ili oili isivuje. Ukingo wake ulichungulia kidogo nje. Gasketi ya dukani ukingo wake ni laini, na ya kukata kwa mkono hukatwa ovyo ovyo. Hii ilikuwa na meno madogo madogo, yamepangwa sawasawa kuzunguka silinda nzima. Gusa aliyatazama mpaka akayatambua. Ulikuwa mkasi wa meno, ule wa fundi cherehani, wa kukatia kitambaa ili nyuzi zisichomoke. Hakuna fundi wa pikipiki aliyewahi kuogopa kwamba gasketi itachomoka nyuzi.

Kicheko kilimpanda. Akajikaza, akamsogelea mama mkwe.

"Mama," alinong'ona, "gasketi hii umeikata kwa mkasi gani?"

Mama aliitupia jicho gasketi. "Mazoea, mwanangu. Mkono uliuchukua wenyewe."

"Na silinda?"

"Hiyo nilipeleka karakana wakaichonga. Mengine nimefunga mwenyewe. Kwani marehemu mkweo alipokuwa anafungua injini, tochi alikuwa anashikiwa na nani?"

"Na wale wanunuzi waliokimbia?"

"Mimi niliwaambia wapande nyuma yangu tu, niwaonyeshe inavyokwenda." Alisema kwa macho makavu kabisa. Kisha uso ukamlegea. "Tangu aondoke, nyumba hii imenyamaza mpaka nasikia saa ya ukutani. Nikiwa juu ya hiyo siisikii. Lakini wewe sema unachokiona. Kazi yako ndiyo hiyo, sitakununia."

Gusa aliona huruma, na hofu pia, kwa sababu alikuwa ameshabonyeza breki. Zilikuwa zile zile za zamani, zimelika, na hazikuwa na uwezo wa kuishika injini ile. Alirudi kwa msambaza mikate.

"Usinunue," alimwambia. "Injini imeongezwa nguvu. Itakunywa mafuta, na ukikata kona mikate yote itabaki barabarani."

"Nani kaifanya hivyo?"

"Mtu anayejua kazi."

"Nikuzungushe kidogo, baba, uone mwenyewe?" mama mkwe alimkaribisha kwa upole. Msambaza mikate alishukuru sana, akaaga huku ameshafika getini.

Simu ya Gusa ikaita. Alijua ni nani hata kabla ya kuitazama.

"Imeuzwa?" mkewe aliuliza.

"Haijauzwa. Injini imefunguliwa, imeongezwa nguvu."

"Imeongezwa na nani?"

Mama mkwe aliziba mdomo kwa kanga, macho yamemtoka. Gusa angeweza kusema hajui. Angekula chakula chake kwa amani, na mama angebaki na siri yake. Lakini hilo lilikuwa swali la injini, na ulimi wake katika hayo ulikuwa haujui kukunja kona.

"Na mama yako," alisema. "Gasketi ameikata kwa mkasi wa meno."

Mama aliposikia kosa lake linatajwa hadharani namna ile, alishindwa kujizuia. Kicheko kilimtoka kikubwa, kikamwinamisha, akashika nguzo ya kibanda huku machozi yanamtiririka.

"Nani huyo anacheka?" mkewe aliuliza.

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama yako."

Tangu siku ya mazishi, hakuna hata mmoja kati ya watoto wake aliyewahi kukisikia kicheko kile. Gusa alisogeza simu karibu zaidi na nguzo. Upande wa pili mkewe alivuta kamasi.

"Breki zake zikoje?" hatimaye aliuliza.

"Mbovu."

"Sasa unasubiri nini?" mkewe alisema. "Si umtengenezee."