Mtoto Atabaki na Nani

Tulikuwa tumeshazoea Riverside, mtaa wetu wa huku ughaibuni, nyumba ile ya mbao ya ghorofa moja, mimi juu, mama mmoja wa kwetu Uvira chini. Baridi ilipoingia, kiwanda cha biskuti nilichofanyia kazi kikanipunguza, nikawa naishi kwa pesa za serikali za wasio na kazi. Yule mama wa chini alikuwa akilea wazee wa watu usiku kucha, anarudi miguu imevimba. Siku moja napita mlangoni kwake na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya kunifikia, "Bon, wengine wanalipwa kwa kulala."

Ulimi hauna mfupa, lakini mkono wangu unao. Nilimteremsha mtoto taratibu, nikamkalisha ngazini, kisha nikamtandika yule mwanamke ngumi ya mdomo. Akanirukia, akaning'ata bega juu ya sweta, tukabiringika mpaka kwenye theluji. Mimi nilibaki na misuko yake mkononi. Yeye alitema jino. Wanaume waliokuja kutuamua nao walipata makofi yao. Nilipanda kwangu nikiapa kwamba siku nyingine nitamuua, na sikuwa natania.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Afisa wa zile pesa, pamoja na mkalimani, walitaka kuhakikisha kama kweli niko tayari kufanya kazi. Nimetafuta wapi? Nitafikaje huko? Nikajibu yote.

"Na ukiitwa leo hii, mtoto atabaki na nani?"

"Na mama wa chini," nikasema bila kufikiri. Kwetu nani anauliza swali kama hilo? Mtoto anabaki kwa jirani, basi.

"Tupe namba yake, tumpigie sasa hivi. Akikataa, malipo yako yanaweza kusimama."

Yesu wangu! Ndipo nikakumbuka jino. Pesa ile ndiyo iliyokuwa ikitulipia nyumba. Bila hiyo mimi na mwanangu tungelala kwenye theluji ileile. Nikatoa namba, nikabeba mtoto, nikashuka ngazi mbio.

Alifungua mlango, mdomo umevimba, kitambaa kichwani. "Umekuja kumalizia?"

"Dada, kuna watu watakupigia..."

Simu ikalia mkononi mwake. Alisikiliza huku akinitazama kwa macho ya kuchinja. Nilisikia mkalimani akimuuliza kama anaweza kubaki na mtoto wangu nikiitwa kazini. Akamtazama mtoto.

"Ndiyo," akasema. "Hata sasa. Huyu mtoto anakula kwangu tangu ajue kutembea. Donc, sasa mnauliza nini?"

Akakata simu, akaiweka mezani, kisha akanizaba kofi lililonigongesha mlangoni.

"Hilo ni la jino," akasema. "Leta mtoto."

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshainua mkono, ngumi imekaza, lakini mwanangu alikuwa ameshaniponyoka, amemlalia yule mama kifuani, anamgusa mdomo uliovimba kwa kidole. Ningempiga wapi?