Vigae Juu ya Babu

Kila Jumapili tunasimama kanisani na kuungama kwa sauti kubwa kwamba tunaamini ufufuo wa mwili, kisha tunarudi nyumbani na kumwaga zege juu ya wazazi wetu. Sijawahi kuona mtu akishangaa. Huku kwetu, juu ya Kwa Sadala, marehemu huzikwa kihambani, katikati ya migomba na kahawa, karibu na jiko kiasi cha kunusa chakula kinachoungua. Mtoto aliyefanikiwa Dar hupimwa kwa kaburi la baba yake. Yapo makaburi yenye paa, nguzo na maua ya plastiki, huku nyumba ya mama aliyebaki hai inavuja.

Babu hakuwa na hayo yote. Alilala chini ya tuta la udongo, msalaba wa mbao kichwani, amezungukwa na masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka na kuombea msamaha. Kuku walipekuapekua juu yake. Bibi akipita kwenda kukata majani ya ng'ombe alisimama kidogo, akamweleza bei ya maziwa na nani kagombana na nani.

Baba mkubwa, mtoto wao wa kwanza, aliona ile ni aibu ya ukoo. Desemba moja alipanda mapema kutoka Dar, gari limejaa vigae vya rangi ya krimu. Bibi alikuwa Himo kwa shangazi, ameenda kutibiwa jicho, kwa hiyo ikapangwa iwe suprais. Fundi akamwaga zege, akapanga vigae. Masale yakang'olewa, yakatupwa nyuma ya zizi, eti yanaharibu mstari. Mimi nilibeba maji na niliona kaburi limependeza sana. Lilifanana na bafu la hoteli, lakini hoteli nzuri.

Bibi alirudi siku moja kabla ya Krismasi. Alisimama mbele ya kaburi, mkoba bado begani. Baba mkubwa alisimama pembeni akisubiri kushukuriwa.

"Atatokea wapi?" Bibi akauliza.

"Nani, mama?"

"Baba yako. Parapanda ikilia, atatokea wapi?"

Tulicheka, tukidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliingia ndani, akakataa chai, na usiku ule akalala mlango wa mbele ukiwa wazi. Tangu babu afariki alikuwa anaufunga vizuri tu, tena kwa komeo. Mimi ndiye niliyekuwa nalala kwenye kochi la sebuleni, na ukungu wa mlimani haujali kama ni Desemba. Niliamka kuufunga. "Acha!" akafoka kutoka chumbani. Nikajisemea uzee umeanza, nikajikunja.

Mimi mambo ya siku ya mwisho huwa siyapi uzito. Nikiyafikiria sana najiuliza itaangukia mwezi gani. Ikiwa Desemba, sawa, Wachagga wote tupo nyumbani, tutanyakuliwa pamoja na mifupa ya nyama mkononi. Ikiwa Juni, wazee watafufuka kihambani wakute geti limefungwa na watoto wote wako Dar wanauza spea. Lakini Bibi alikuwa amelifikiria jambo hili kwa namna nyingine, na sikukuu nzima ilikuwa inakwama kwa sababu yake. Alitaka lile zege litoke kabla baba mkubwa hajarudi mjini.

Krismasi baada ya ibada aliitwa mchungaji aje aamue. Alikula vizuri. Soda aliinywa hadharani, na mbege, pombe yetu ya ndizi, akainywa kwenye kikombe cha chai, tukajifanya hatuoni.

"Mama," akaanza, "Mungu hashindwi na saruji."

"Ruwa najua hashindwi. Mimi namsema mume wangu. Yule hata mlango wa zizi alikuwa anausukuma kwa mgongo."

"Kuna malaika, mama. Hata kaburi la Bwana, malaika aliondoa jiwe."

"Jiwe moja, mchungaji! Na siku ile hakukuwa na kazi nyingine. Sasa hesabu zege lililopo Machame hii. Malaika wataanzia kwa nani? Si wataanzia huko chini kwenye lami?"

Mchungaji akatazama kikombe chake. Nilicheka hadi nikatoka machozi. Baba mkubwa hakucheka hata kidogo.

"Mama, unanidhalilisha," akasema. "Nimemjengea baba, halafu nibomoe? Majirani watasemaje?"

Bibi akamgeukia. "Unajua kwa nini baba yako alikuwa hafungi mlango akilala?"

Hilo tulilijua wote. Alikuwa anasikilizia ng'ombe wasiibwe. Mwenyewe alituambia hivyo.

"Ng'ombe!" Bibi akasema. "Ulikuwa hujazaliwa bado. Yeye na wenzake walikuwa wanazibua mfongo, ule mfereji wa maji wa juu, ukingo ukamporomokea. Wakamfukua kwa majembe. Aliniambia alikuwa anawasikia wanaongea juu yake, anawaita, hawamsikii. Tangu siku hiyo hakulala na mlango uliofungwa. Aliona haya kuwaambia watoto, akasingizia ng'ombe. Siku ya parapanda akiamka humo ndani, akagusa juu akute kugumu, atajua yuko palepale kwenye mfongo."

Niliona aibu kwa kucheka kwangu, na nilimwonea babu huruma ambayo sikuwahi kumwonea akiwa hai. Mchungaji akaweka kikombe chini.

Asubuhi baba mkubwa aliazima nyundo kubwa kwa fundi akaanza kuvunja mwenyewe, amevaa suruali yake ya Krismasi. Majirani walijaa kwenye ua wakitazama, wengine wakimpa pole, wakidhani kachanganyikiwa. Vigae viliruka hadi kwenye kahawa. Alivunja mpaka udongo ukaonekana. Kisha akaenda nyuma ya zizi kuokota yale masale. Yalikuwa yamenyauka kidogo tu, mmea ule ni mbishi. Akayapanda upya, kwa mstari uliopinda. Jani moja alilibakiza, akampelekea Bibi kwa mikono miwili, kama tunavyofanya mtu akija kuomba msamaha.

Bibi akalipokea. "Suruali umeiharibu," akasema.

Jioni nilijiandaa: blanketi mbili, koti, soksi. Ndiyo kwanza nimejilaza kwenye kochi nikasikia sauti yake kutoka chumbani.

"Wewe, funga huo mlango. Unataka tufe kwa baridi?"