Zamu Isiyokabidhiwa

Zamani Baba Pacha alikuwa bingwa wa kulala. Mkewe aliwaambia majirani kwamba ameolewa na gunia: ukilitua chini, limetulia. Kwa miaka kumi na minne aliendesha jenereta ya hospitali kwa zamu ambazo hazikumwuliza mtu hali yake. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni, inayofuata usiku, na mwenzako akiugua unaunganisha mbili. Alirudi nyumbani saa mbili asubuhi, watoto wa jirani wakipiga mpira ukutani na fundi wa vyuma akigonga ng'ambo ya uchochoro, akajitupa kitandani na viatu vyake. Mkewe alikuwa hajamvua cha pili, tayari anakoroma.

Kisha usingizi ukamhama. Haukuaga.

Watu walidhani kelele za mchana ndizo zinazomsumbua. Wangejua! Kelele alizizoea tangu ujana. Injini ya chumba chake cha kazi ilinguruma kiasi cha kutikisa meno kinywani. Kilichomwamsha yeye ni ukimya. Umeme ulipokatika mtaani, friji ikanyamaza, pangaboi likapunguza mwendo na kusimama, alijikuta wima katikati ya chumba, mkono umenyooshwa ukutani kutafuta swichi ambayo haipo. Na akigeuka, mwanamke mmoja alikuwa amekwisha keti ukingoni mwa kitanda.

Hakuwa na uso, kwa sababu Baba Pacha hakuwahi kuuona uso wake. Aliwahi kuviona viatu vyake tu. Vilikuwa vya rangi ya kahawia, kisigino kifupi, na mkanda wa kimoja umeshonwa kwa uzi mweupe. Mama huyo aliketi, viatu miguuni, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Hali hiyo ilidumu miaka mitatu. Baba Pacha alikonda, akawa anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Mwisho wake ukawa siku aliyosinzia kazini, amesimama mbele ya ubao wa swichi. Umeme ulikatika saa sita mchana, naye alipaswa kuwa amewasha jenereta na kuhamishia juu yake mzigo wa umeme ndani ya sekunde kumi na tano. Ilipita dakika nzima. Hakuna aliyedhurika. Injinia, binti wa umri wa mdogo wake wa mwisho, alimwita ofisini.

"Baba Pacha, leo Mungu kasaidia. Siku nyingine sitaandika barua ya onyo. Nitaandika ya kukuaga."

Aliitikia kwa kichwa. Barua haikumtisha. Alichoogopa ni kurudi nyumbani siku moja na kukuta wamekaa wawili kitandani.

Aliyemshika mkono ni Sista wa wodi ya watoto, mama mnene mwenye utani, ambaye naye alikuwa na miaka ishirini ya zamu mgongoni. Walikutana kwenye ngazi.

"Baba Pacha, hayo macho au samaki wa juzi?"

"Silali, Sista."

"Unalala saa ngapi?"

"Inategemea."

"Chai unakunywa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka iishe."

Sista alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, kaka yangu. Saa zako huwezi kuzipanga, wenyewe wanazipanga huko ofisini. Wewe panga mwendo. Fanya mambo yaleyale, moja baada ya jingine, iwe saa tatu asubuhi au saa sita usiku. Mwili hausomi saa ya ukutani. Unajua tu kwamba hili likipita, linafuata lile."

Akamhesabia kwa vidole. Chai ya mwisho iwe katikati ya zamu. Akitoka asubuhi avae kofia, jua lisimdanganye kwamba siku ndiyo inaanza. Simu abaki nayo mkewe. Miguu aioshe kwa maji ya uvuguvugu. Dirisha alizibe mpaka asione kiganja chake. Na usingizi usipokuja, asipigane nao kitandani. Aamke, akae kwenye kiti, arudi kope zikiwa nzito.

"La mwisho," alisema Sista, akishuka. "Kinachokuzunguka kichwani kiandike kwenye daftari kabla hujalala. Kikae huko, kisikae kwako."

Mama Pacha alitundika blanketi dirishani. Pacha wenyewe, wasichana wa darasa la sita, wakaligongelea misumari pembeni mpaka chumba kikawa kisima.

"Haya," alisema Mama Pacha, "jana nilikuwa na mume, leo nina popo."

"Popo analala, mke wangu."

"Basi ning'inia."

Ajabu ni kwamba mambo ya Sista yalikubali. Wiki ya kwanza hakuona tofauti. Wiki ya pili, zamu ya jioni, alipokuwa akiosha mguu wa kulia alipiga mwayo. Wiki ya tatu, zamu ya usiku, alilala kabla mkewe hajamaliza kufunga mlango wa nyuma. Kupata usingizi kulikomchukua saa tatu sasa kulimchukua robo saa. Lakini usingizi uliporudi haukurudi peke yake. Umeme ukikatika aliamka palepale, na mama yule yupo, karibu zaidi kuliko zamani, kana kwamba giza la blanketi lilikuwa limetengenezwa kwa ajili yake.

Lilibaki jambo moja ambalo hakulifanya. Daftari.

Alilikwepa kwa visingizio. Mara kalamu imekauka, mara mwandiko wake mbaya. Mpaka Jumatano moja, ametoka zamu ya usiku, miguu imeoshwa, mkewe yuko sokoni, alichukua daftari la hesabu la mmoja wa pacha na kuketi mezani. Mkono wake ulijua uandishi wa aina moja tu, ule wa kitabu cha zamu. Akapiga mistari. Tarehe. Oili. Maji. Betri. Mafuta. Aliyekabidhi. Aliyepokea.

Tarehe aliyoiandika ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Chini ya mafuta aliandika, taratibu, kama anayechonga: *Koki imefungwa. Anayepokea hajaambiwa.*

Akaweka kalamu chini na kuangalia nafasi iliyobaki wazi.

Katika chumba cha jenereta kulikuwa na desturi ya tangu enzi za mafundi wa mwanzo. Zamu haikukabidhiwa kwa kitabu peke yake. Anayetoka alimtembeza anayeingia, akigusa kila kitu kwa mkono na kutaja hali yake: oili iko hapa, betri hii imechoka, koki iko wazi. Mwishoni anayeingia alisema, "Nimepokea." Kabla hajalitamka neno hilo, mashine ni yako, hata kama umeshavua ovaroli. Vijana waliliona jambo la kizee. Wazee walisema mashine haisikii saini, inasikia mtu.

Asubuhi ile ya miaka mitatu nyuma Baba Pacha alikuwa ameunganisha zamu mbili, saa kumi na sita mfululizo. Alisafisha chujio la dizeli karibu na alfajiri, akafunga koki ili mafuta yasivuje, akajiambia ataifungua akimaliza kunawa. Akanawa. Mwenzake alichelewa dakika ishirini. Baba Pacha, macho yakimchoma kama yenye pilipili, aliandika kitabuni "Yote sawa," akatia saini, akaondoka. Yule mwenzake alipofika alikuta saini ya mtu anayemwamini, naye akatia yake.

Saa nne umeme ulikatika. Injini iliwaka, ikanywa mafuta yaliyobaki kwenye bomba, ikafa. Ilichukua dakika kumi na moja kugundua koki, kutoa hewa kwenye mabomba na kuiwasha upya. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mgonjwa mezani, mama mmoja. Madaktari walimulika kwa simu. Mama huyo hakuamka.

Kama angekufa hata na taa zikiwaka, hakuna aliyesema. Kamati ya uchunguzi ilitaka kujua jambo moja tu: nani alikuwa zamuni? Ikaonekana yule mwenzake alilala, koki hakuiangalia. Wakamwondoa kwenye mashine, wakampeleka kulinda geti.

Na Baba Pacha wakati huo? Alikuwa kitandani, amelala. Alilala usingizi wa pono, usingizi mtamu kuliko yote aliyowahi kulala maishani. Mchana alipofika hospitali, kabla hajasikia lolote, alipita korido na kumwona mwanamume ameketi kwenye benchi, amepakata viatu vya kike vya kahawia.

Ndivyo alivyokaa mezani sasa, mbele ya daftari la mtoto. Ile nafasi ya "Aliyepokea" ilimkodolea macho. Mashine ni yako mpaka mwenzako apokee. Kwa hesabu hiyo alikuwa zamuni kwa miaka mitatu. Mtu atalalaje zamuni?

Alivaa kofia yake, akatoka.

Mlinzi wa geti walimwita Kinyozi. Tangu ahamishiwe pale alikuwa akinyoa wafanyakazi wakati wa mapumziko, kwa kiti cha plastiki nyuma ya kibanda na mashine ya kuchaji. Hospitali nzima ilipita mikononi mwake, isipokuwa kichwa kimoja.

"Leo umepotea njia?" alisema Kinyozi. "Miaka mitatu, kaka. Hicho kichwa wanakikata wapi, kwa maadui zangu?"

"Ninyoe."

"Vua kofia basi, au ninyoe na kofia?"

Akamfunga shuka shingoni. Mashine ikaanza kuunguruma juu ya sikio la kulia, ikapanda utosini. Nywele zilianguka zikiwa na mvi ambazo Baba Pacha hakuzijua. Alitoa daftari chini ya shuka, akalishika magotini, akashindwa kuanza. Kinyozi alikuwa akisimulia habari za mbwa wa daktari mkuu. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha.

"Kinyozi. Nisomee hapa."

"Miwani sina. Soma mwenyewe."

Alisoma. Tarehe. Oili. Maji. Betri. Alipofika kwenye koki, mashine ilizimwa.

"Soma tena."

Akasoma tena. Gari la wagonjwa lilipiga honi getini, na Kinyozi hakwenda kulifungulia. Dereva akashuka akajifungulia mwenyewe huku akilalamika.

"Ulikuwa wapi saa hizo?" aliuliza Kinyozi.

"Nyumbani. Nimelala."

"Umelala." Alilirudia neno kama anayelionja. "Unajua mke wangu aliniuliza nini siku ile? Aliniuliza, baba, ulisinzia? Nikamwambia sikusinzia. Hakuniamini. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilifika mahali nikaanza kuamini kwamba koki niliifunga mimi. Nilikuwa naiona mikono yangu ikiifunga. Hii hapa." Akaitazama. "Unanisikia wewe? Hii hapa."

"Nakusikia."

"Nyamaza."

Kinyozi alichukua kalamu, akaweka saini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, akamtupia daftari kifuani.

"Nimepokea. Usije ukadhani nimekusamehe. Nimepokea tu."

"Sawa."

"Sasa toka kwenye kiti changu."

"Na upande huu?" Baba Pacha aligusa nusu ya kichwa iliyobaki na nywele.

"Huo kamalizie kwa Injinia."

Akaenda hivyo hivyo. Kofia ilibaki kwa Kinyozi, na hakuwa na uso wa kurudi kuidai. Alipita mapokezi, akapita maabara, watu wakigongana viwiko. Sista alimwona kutoka dirisha la wodi, akafungua mdomo atanie, akaufunga.

Injinia hakucheka. Alisoma ukurasa ule mara mbili, akavua miwani.

"Unajua unachoniletea, Baba Pacha?"

"Najua."

"Faili litafunguliwa upya. Na familia ya marehemu lazima iambiwe."

"Waambiwe, Injinia. Hata jina lake silijui."

Injinia alifungua kabati, akatafuta, akamtajia jina. Baba Pacha alilirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayepewa kitu kizito mikononi.

"Kaa nje nikuandikie barua," alisema Injinia.

Akakaa kwenye benchi la korido. Watu walipita na mafaili. Mfanya usafi alimwomba ainue miguu, akainua, akashusha. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa wa baridi na mgumu. Aliegemeza upande wenye nywele.

Mama yule alikuja. Hakuna aliyekuwa amemkataza. Aliketi upande wa pili wa benchi, kama wengine wote wanaosubiri kuitwa, na Baba Pacha alimjua bila kufumbua macho. Safari hii alikuwa na jina la kumwita. Akamwita, mara moja, ndani ya kifua. Akasinzia kando yake, kisha akalala.

Injinia alipotoka na barua, karani wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimemwita mara tatu," alisema karani.

"Anaumwa?"

"Hapana, Injinia. Amelala."

Barua ilisema akae nyumbani, bila mshahara, mpaka kamati ikutane. Injinia aliikunja mara mbili, akainama kuitia kwenye mfuko wa shati, akaona kifua kinavyopanda na kushuka, akasita.

"Ofisi tunafunga saa ngapi leo?"

"Saa kumi."

Injinia aliangalia saa yake. Ilikuwa saa saba na dakika chache. Akarudi ndani na barua yake mkononi, na karani akaenda mwisho wa korido kuushikilia mlango mmoja uliokuwa ukipigwapigwa na upepo.